Gauni la Papasi

Kuna watu hapa Johannesburg ambao mpaka leo wakipita mbele ya duka langu pale Jules Street, Malvern, hawawezi kupita kimya, lazima waingize kichwa mlangoni waulize, "Fundi, gauni la Papasi limeisha?" halafu waendelee na safari yao wakicheka peke yao barabarani. Nami nacheka nao. Nisipocheka nitafanya nini? Aibu yenyewe niliifanya mchana kweupe, mbele ya watu arobaini na kitu, nimeshika maikrofoni kwa mkono wangu, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema nilisingiziwa. Lakini nimechoka kusikia watu wakiisimulia vibaya (kuna Mrundi mmoja anasema eti gauni lilikuwa la harusi), afadhali niisimulie mimi, na anayetaka kucheka acheke mara moja amalize.

Mimi ni mtu wa Kalemie, kule Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Ushonaji ndio unaonilisha, lakini kazi niliyokuwa najivunia, nawaambieni ukweli, haikuwa ushonaji. Ilikuwa ukalimani. Kila Jumapili kanisani kwetu, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya mji (lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika nchi hii), mchungaji anahubiri kwa Kiswahili nami nasimama kando yake nageuza kwa Kiingereza, na akija mhubiri mgeni wa Kiingereza nageuza kwa Kiswahili, na sifa yangu ilikuwa moja tu: sikwami. Neno nisilolijua nalitengenezea maana pale pale, nalitoa kwa sauti kubwa, na watu wanaitika amina. Miaka sita hakuna aliyenishika. Likumbukeni hilo, maana yote yaliyonipata yalitoka hapo.

Basi mwaka 2019, ile miezi ya mwanzo ambayo umeme ulikuwa unakatika kila mara tukarudi kwenye vyerehani vya kukanyaga kwa miguu, akaingia dukani mama mmoja mzungu, mzee wa karibu miaka themanini, mwembamba, amekumbatia mfuko. Jina lake Madame Lise. (Si Mfaransa, asili ya kwao ni Ujerumani na yeye amezaliwa hapa hapa, ila mimi mwanamke mwenye mvi akinisalimia vizuri namwita Madame, ndivyo tulivyolelewa.) Alikuwa mwalimu wa piano aliyestaafu, anaishi Kensington kule juu kilimani, peke yake, hana mume, hana mtoto, hana hata binamu. Ndani ya mfuko kulikuwa na koti la rangi ya udongo, kitambaa kizito, la zamani mno, na bitana yake imechanika vipande vipande.

Nililifungua nikaduwaa. Ndani lilikuwa na mifuko kumi na saba, niliihesabu, mingine mirefu na myembamba ya kutia chupa, mingine midogo ya kutia sijui nini, na upande wa ndani wa kola zilipangwa pini nyembamba kuliko zangu, zimeshika kutu. Nikamuuliza kama mwenye koti alikuwa fundi mwenzangu.

"Alikuwa babu yangu," akasema. "Alikuwa anakusanya wadudu."

Kazi ya koti ilikuwa ya siku nne lakini ikachukua wiki tatu, kwa sababu kila alipokuja kuliangalia alikalia stuli ya wateja akanisimulia maisha ya babu yake, na mimi mtu akinisimulia vizuri mkono unasimama wenyewe. Babu Anselm alizaliwa mji mdogo kule Ujerumani, na baba yake alikuwa anatengeneza vifungo vya nguo (nikampenda hapo hapo). Mtoto hakuwa wa kucheza na wenzake, kazi yake ilikuwa kugeuza mawe atafute wadudu, kisha anawaficha kwenye visanduku vya baba yake, mpaka siku mteja alipofungua kisanduku akitaka vifungo vya shaba akakuta vinatembea. Alipokua akajifunza kazi ya duka la dawa. Chuo kikuu hakusoma, kwa hiyo maprofesa walikuwa wanapokea wadudu wake, wanamshukuru kwa barua, halafu wanaandika majina yao wenyewe chini ya wadudu. Akachoka. Akapanda meli mpaka Cape, akafika Johannesburg wakati ikiwa mahema na vumbi na wachimba dhahabu, akafungua duka la dawa, akaoa, akapata mtoto wa kiume, na jioni wenzake wakizungumza dhahabu yeye anakaa karibu na taa kuona nondo gani wamekuja.

Halafu akafunga duka akaondoka na msafara kwenda kaskazini, kwenye nchi za maziwa makuu, kutafuta wadudu ambao maprofesa hawajapata kuwaona. Alimwahidi mkewe mwaka mmoja. Hakurudi. Kilichorudi ni koti, visanduku, daftari, na barua ya mfanyabiashara aliyempitia siku za mwisho, inayosema kwamba bwana yule alikuwa siku tatu anatetemeka na kuropoka na kuanguka kila akisimama, kisha siku saba ni mzima anafanya kazi zake, kisha anaanza tena, na kwamba chumba chake kilijaa chupa za pombe kali. Zile chupa zilikuwa za kuhifadhia wadudu, mkewe alijua hivyo. Lakini watu walisema walivyosema, na mwishowe hata yeye akaamini kwamba mumewe alikufa kwa ulevi.

"Baba yangu alilelewa kama mtoto wa mlevi," Madame Lise akaniambia, huku anazungusha kifungo cha koti. "Maisha yake yote hakuonja pombe, hata divai ya kanisani. Babu hakutajwa mezani kwetu. Mimi ndiye wa mwisho, Fundi. Nataka kabla sijafa nipange vitu vyake kwenye ukumbi, watu waone kwamba alifanya kazi."

Moyo uliniuma, nasema kweli. Kwa hiyo alipotoa lile daftari akaniomba nimsaidie, ningemsaidia hata kama angetaka nipige piano. Kijerumani chake alishakigeuza chote kwa Kiingereza, ila babu alikuwa na tabia moja: jina la mdudu alikuwa analiandika kwa lugha ya watu wa pale, alisema wao ndio wanaoishi naye. Maneno hayo yalimshinda Madame. Akaweka kidole kwenye la kwanza. Nikasema nyuki. La pili, mchwa. Jongoo. Nzige. Kumbikumbi (hapo nikamweleza na jinsi tunavyowakaanga, akaandika). Maneno kumi na moja mfululizo, sikukosa hata moja, na kila nikijibu ananitazama kama mtu aliyepewa zawadi, nami nikawa naongezeka urefu pale pale kwenye kiti changu.

La kumi na mbili lilikuwa *Papasi*.

Ndugu zangu, sikulijua. Sijapata kulisikia Kalemie, wala Lubumbashi nilikokaa miaka miwili, wala hapa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, "Madame, hili silijui." Maneno matatu tu, yasingenichubua mdomo. Lakini mtu aliyedaka kumi na moja anaanzaje kuangusha la kumi na mbili? Nikatazama sentensi zilizolizunguka. Papasi amekuja usiku. Papasi hakuniacha nilale. Kwa Kijerumani, Madame akanieleza, neno la kumtaja mwanamke mmoja na la kuwataja wengi ni lile lile, na babu alikuwa anaandika kwa haraka, anakata mikia ya maneno, kwa hiyo yeye hakujua kama Papasi ni mmoja au ni kundi. Tena kando ya jina babu alikuwa amechora alama, kile kiduara chenye msalaba chini, ambacho mimi nakijua kutoka kwenye milango ya vyoo vya madukani kwamba ni alama ya wanawake.

Akili yangu ikakimbia kwenye kupapasa. Si Kiswahili hicho? Kupapasa ni kumgusa mtu polepole kwa mkono. Nikakohoa kidogo, kama ninavyokohoa madhabahuni, nikasema, "Madame, huyu si mdudu. Hili ni jina la mtu. Mwanamke. Maana yake ni mwenye mikono laini."

Akainamia daftari. Nikadhani nimeharibu, maana babu aliacha mke nyumbani. Kumbe machozi yanamlenga. "Basi hakufa peke yake," akasema. Kisha, polepole zaidi, "Fundi, unafikiri walipata mtoto? Unafikiri nina ndugu?"

Nikasema inawezekana. (Mungu anisamehe, nilisema hivyo.)

Jioni nikamweleza mke wangu, Maman Aline, ambaye ana saluni yake mlango wa pili kutoka kwangu na ulimi unaokata kuliko makasi yake. Akaendelea kusuka kichwa cha mteja bila kuinua macho, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Ile neno unaijua kweli?"

"Minaijua."

"Ao unaijua kama vile unajuaka maneno ya kanisa?"

Nikaenda kumalizia bitana.

Tangu siku hiyo mambo yakawa yanakua yenyewe. Madame Lise alipata ukumbi wa kanisa la kwao kule Kensington, Jumamosi moja saa tano asubuhi, akaalika majirani, akaalika chama cha wazee wapenda wadudu, akaniomba nialike watu wanaosema Kiswahili kwa sababu, alisema, hao ni watu wa Papasi. Visanduku vya mbawakawa vikapangwa. Sanamu ya dukani kwangu ikavalishwa koti. Halafu akaniuliza kwa aibu kama ningeweza kumshonea Papasi gauni, lisimame karibu na koti, ili babu asisimame pale peke yake.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nikashona. Nikashuka mpaka mjini kwa Mama Rehema, Mtanzania wa Dodoma anayeuza vitenge kwa jumla kwenye duka lililo karibu na stendi ya teksi, nikachagua kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Akaniuliza gauni ni la nani. Nikasema ni la mwanamke mmoja wa kwenu, wa zamani. Akauliza anaitwa nani. Nikajifanya mtu wa siri, nikamwambia aje Jumamosi atamjua. Laiti ningelitaja lile jina pale pale dukani kwake, hadithi hii ingekufa kati ya vitenge na leo ningekuwa mkalimani mwenye heshima. Niliweka marinda mawili mikononi, nikaweka mkanda wa nyuma, na nawaambia bila kujisifu, lilikuwa gauni zuri.

Na kama hiyo haitoshi, Madame alikuja na kichupa kidogo alichokikuta kwenye mfuko wa ndani kabisa wa koti (mimi ile mifuko niliihesabu tu, sikuichungulia). Maji ndani yake yamegeuka rangi ya chai, na kikaratasi juu yake kina mwandiko wa babu: Papasi, na kile kiduara chenye msalaba. Akaniuliza ni nini. Nikakishika, nikakitazama kama mtu anayejua. "Manukato yake, Madame," nikasema. "Wanawake wa kule wanapenda manukato." Akakipokea kwa mikono miwili. Siku ya Jumamosi kilikuwa juu ya meza ndogo miguuni pa gauni, kimewekewa kitambaa cha hariri.

Ukumbi ulijaa. Upande huu wazee wa wadudu na kofia zao za jua, upande ule majirani, na nyuma watu wetu, mchungaji na mkewe, kwaya nzima, ila Maman Aline alikwenda kukaa mstari wa kwanza kabisa, amekunja mikono. Madame Lise alikuwa amebandika kifuani bruchi ya mama yake na alikuwa anang'aa. Akaeleza maisha ya babu, nikatafsiri. Akasema leo anamtambulisha mwanamke ambaye hakutajwa kwa zaidi ya miaka mia, nikatafsiri na nikaongeza langu, kwamba kwetu jina Papasi hupewa binti mpole. Kisha akaanza kusoma daftari, sentensi moja moja, na mimi nageuza.

"Usiku wa kwanza kwenye nyumba ya udongo. Papasi, na usingizi hakuna."

Wasichana wa kwaya wakatazamana.

"Papasi tena. Mikono na shingo vimejaa alama zake."

Mchungaji akakohoa. Mimi jasho likaanza, lakini sauti sikuipunguza.

"Wapagazi wananisihi niihame nyumba hii kwa ajili ya Papasi. Nimekataa. Nataka kumjua vizuri zaidi."

Hapo nikasikia sauti kutoka mlangoni. Mama Rehema alikuwa amechelewa, amesimama na mkoba wake begani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kuelewa kitu kisichoeleweka. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Fundi, samahani. Papasi huyo ni papasi gani?"

"Ni mtu, mama. Ni mwanamke."

Akalitazama gauni. Akakitazama kitenge chake. Akasoma kile kikadi kilichoandikwa jina kwa herufi kubwa. "Jamani," akasema, wala hakupaza sauti, "mmemshonea kupe gauni?"

Watanzania wawili waliokuwa nyuma wakaanza kucheka, na Mama Rehema akaendelea, anaeleza kwa mikono, kwamba kwao Dodoma papasi ni mdudu, wa jamii ya kupe, anakaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na chini ya mikeka, mchana humwoni, usiku anatoka anakunyonya, na akikuuma unapata homa yake, homa ya papasi, hata hospitali wanaiita hivyo.

Nyufa. Mikeka. Usiku. Nikajikuta nauliza kwa sauti ndogo, "Kimputu?"

"Kimputu ndiyo nini?"

Kimputu ndiye aliyeniuma mgongoni nikiwa na miaka minane. Kimputu ndiyo sababu mama yangu alikuwa anamwaga maji ya moto chini ya kitanda. Nilimjua mdudu yule maisha yangu yote, tulilala naye nyumba moja, ila sisi watu wa Kongo tunamwita hivyo na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanamwita vingine, na mimi mkalimani mkuu nilimvalisha mkanda na marinda.

"Anasema nini yule mama?" Madame Lise akaniuliza, na uso wake ulikuwa bado na furaha.

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu. Watu wote wananitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka, sijui kilitoka wapi, kilikuwa, "Anasema gauni ni zuri."

Maman Aline akasimama. Kiingereza mke wangu hajui sana, lakini ananijua mimi.

"Hapana," akasema. "Yeye amesema mingi. Weye umesema mafupi. Tafsiri yote."

Kwaya ikacheka, mchungaji akajifanya anatafuta kitu kwenye Biblia, na mimi nikatafsiri yote. Sijui kama mnaelewa maana ya kutafsiri aibu yako mwenyewe neno kwa neno, kwa sarufi sahihi, huku unatazamana na mtu uliyemdanganya. Nikasema papasi ni kupe. Nikasema si jina la mtu. Nikasema sikulijua neno hilo na nilibuni. Nikaeleza na habari ya milango ya vyoo. Mzee mmoja wa chama cha wadudu, mwenye ndevu, akasimama kwa upole akasema ile alama ndiyo wanayowawekea wadudu wote wa kike, na tukitazama vikaratasi vya mbawakawa mezani tutaiona kwenye karibu nusu yao. Tukatazama. Ilikuwepo kila mahali, ndogo ndogo, na hakuna aliyewahi kuinama kuisoma.

Yule mzee akaomba ruhusa, akakichukua kichupa cha manukato, akakiinua dirishani, akaweka kioo chake cha kukuzia kwenye jicho. Ndani, chini kabisa, alikuwepo kupe mmoja bapa, amekunjamana kama kifungo kilichopigwa pasi. "Ni jike," akasema. "Amehifadhiwa vizuri sana."

Madame Lise akakaa chini. Hapo ndipo nilipoacha kujionea huruma, kwa sababu nilimwona amekuwa mdogo kwenye kile kiti, na nikajua sikuharibu jina langu tu, nilimpa ndugu halafu nikamnyang'anya mbele za watu. Nikapiga magoti pale. Nikamwambia naomba msamaha.

"Kwa hiyo sina binamu," akasema.

"Hapana, Madame. Ni mdudu tu."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimsubiri aniambie nitoke. Badala yake akamtazama Mama Rehema. "Muulize hiyo homa iko vipi."

Nikauliza. Safari hii nilitafsiri kila neno, hata pumzi ningeitafsiri. Mama Rehema alisema alimuuguza mjomba wake. Homa inakuja kwa kishindo, mtu anatetemeka, anaropoka, akisimama anaanguka, siku tatu au nne. Halafu inamwachia. Anaamka, anakula, anarudi shambani, mnasema amepona. Baada ya wiki inamrudia vile vile, na ikimwachia inarudi tena, na zamani hakukuwa na dawa.

Nilipofika kwenye "baada ya wiki inamrudia" sauti yangu mwenyewe ikakwama, kwa sababu nilikumbuka ile barua. Madame Lise alikuwa ameshaifungua. Alikuwa nayo mkobani. Akaisoma kwa sauti, siku tatu akitetemeka na kuropoka, siku saba mzima, kisha tena. Mzee mwenye ndevu akavua kofia. Akasema kwamba kwa maoni yake hiyo ndiyo homa yenyewe, na kwamba mtu asiyejua angeitazama angeona mlevi.

"Hakuwa mlevi," Madame Lise akasema. Akalisema mara ya pili, kana kwamba kuna mtu mwingine pale ukumbini aliyetakiwa kulisikia. Kisha akalia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, akalionyesha lile gauni la bluu kwa kidole. "Na aliyemuua tumemshonea nguo."

Basi ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikiwa bado nimepiga magoti nikacheka pia, na Mama Rehema akaja akaninyanyua kwa mkono akiniambia kwamba angalau marinda yamekaa sawa. Chai ilinywewa. Gauni halikuondolewa. Madame alikataa, alisema ameshonewa, aachwe, ila kile kikadi akakigeuza nyuma akaandika upya kwa mkono wake: Papasi, jike, amekusanywa na Anselm, ambaye alifanya kazi mpaka siku ya mwisho.

Baada ya wiki mbili akaja dukani na gauni kwenye mfuko ule ule wa koti. Alitaka lipunguzwe kiuno na liongezwe urefu, limtoshe yeye. Nikampima. Nikamuuliza atalivaa wapi, maana si nguo ambayo nimezoea kuwaona wanawake wa Kensington wakiivaa.

"Makaburini," akasema. "Kwa baba yangu. Nina habari ya kumpelekea."

Sikumchaji, na vifungo vya nyuma nilimwekea vya shaba. Siku aliyorudi kutoka huko alipita dukani na lile gauni mwilini, viatu vina udongo mwekundu, akasimama mlangoni akaniambia neno moja tu, "Nimemwambia," akaenda zake kupanda kilima. Mpaka leo huwa anapita kunywa chai na Maman Aline, na wawili hao wakikaa pamoja wakicheka, mimi najua wanamcheka nani.

Kuhusu mimi, niliapa. Jumapili iliyofuata kanisani alikuwepo mhubiri mgeni, mtu wa Durban, anazungumza haraka, na katikati ya mahubiri akatoa neno la Kiingereza ambalo sijapata kulikuta popote. Akanyamaza akisubiri nilitafsiri. Zamani ningekohoa. Nikashika maikrofoni vizuri, nikawatazama watu wangu wote, nikasema, "Ndugu zangu, neno hili silijui."

Na kanisa zima, kuanzia mchungaji mpaka Maman Aline mstari wa mbele, likaitika kwa sauti moja: "Amina."